Jibu Kamili

Kuna watu ambao ukiwauliza kama wamekula, wanakutazama kwanza usoni wajue wewe ungependa wawe wamekula au wawe na njaa. Benite alikuwa mtu wa namna hiyo. Usikimbilie kumwita mnafiki, ni malezi. Alikulia Uvira, upande wa Congo, kwa mama aliyemfundisha kwamba kumkatalia mtu mbele ya uso wake ni sawa na kumpiga kofi, na alipovuka mpaka kuja kuishi Bujumbura, mji ambao watu wake wanaweza kugombana mwaka mzima bila kupaza sauti, tabia ile ikakomaa. Alikuwa akipokea wateja kwenye ghala la vifaa vya ujenzi kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Mteja akiingia amechoka na kusema, "Leo simenti hamna, si ndiyo?" Benite hujibu ndiyo, huku mifuko imepangwa hadi darini nyuma ya mgongo wake, kisha ndipo anaanza kutafuta njia ya adabu ya kumwambia kwamba ipo.

Ndivyo alivyomdanganya Valéry.

Valéry alikuwa mtumishi wa serikali, mwana wa mtaa wa Ngagara tangu kuzaliwa, kijana mrefu wa maneno machache aliyekuwa mwenyekiti wa kilabu cha Kiingereza ambacho Benite alijiunga nacho kwa sababu wateja wa ghala walikuwa wameanza kutoka Kigoma na Nairobi, wakileta karatasi zao kwa Kiingereza. Walipendana pole pole, kama watu wazima. Jioni moja wakila mishikaki kando ya barabara, Valéry alifuta vidole, akacheka kidogo, akamuuliza kama mtu anayeuliza jambo analolijua tayari.

"We hauna mutoto, si ndiyo? Maana mama yangu, kitu ya kwanza atauliza ni hiyo."

"Ndiyo," akasema Benite.

Neno moja, na alijiambia kwamba hata neno lenyewe si lake. Sentensi ilikuwa ya Valéry. Yeye aliitikia tu, kama mtu anavyoitikia sala ya mwenzake. Aliendelea kujiambia hivyo miezi mingi, na mtu akijiambia uongo kwa upole kila siku, unafika wakati anauchukua kuwa unyenyekevu.

Kwa maana mtoto alikuwepo. Aliitwa Carmen, alikuwa na miaka saba, na aliishi Uvira na bibi yake, Mathilde. Benite alimzaa akiwa bado shuleni, na kijana aliyekwenda Bukavu kutafuta kazi na hakuonekana tena. Mathilde alifanya wanavyofanya akina mama wengi wa upande ule: alimfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akawaambia majirani Mungu amemkumbuka uzeeni, na anayejua akajifanya hajui. Carmen akakua akimwita bibi yake mama, na Benite akimwita yaya, kama watoto wa Uvira wanavyomwita dada mkubwa. Mpango ulikuwa mzuri na haukumuumiza mtu yeyote, mpaka binamu mmoja mwenye mdomo mrefu alipomwambia mtoto ukweli katika ugomvi wa mpira wa makaratasi.

Usiku haukufika kabla Carmen hajaomba simu. "Yaya, banasema we ndo mama yangu. Ni kweli?"

Benite alikuwa chumbani kwake Nyakabiga, amekaa juu ya kitanda, viatu vya kazini bado miguuni. Hapo hakukuwa na uso wa kutazama kwanza. Akasema ni kweli. Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka, kisha mtoto akauliza kama sasa anaweza kumwita mama. Benite akamwambia asiharakishe, asiseme kwenye simu, wala mbele ya majirani. Siku utakuja Buja, akamwambia, utaniita mama mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo Carmen hakumwita kwa jina lolote. Akipewa simu alianza tu kuongea, moja kwa moja, kama mtu aliyeliweka neno akiba na hataki kulichezea. Benite aliisikia nafasi ile tupu mwanzoni mwa kila maongezi, na kila mara alikata shauri kwamba juma hili atamwambia Valéry. Juma likapita. Likaja jingine.

Sasa tuje kwenye kilabu. Kilikutana Jumamosi alasiri katika darasa la shule moja ya Ngagara, na mwalimu wake alikuwa mzee Marcellin, aliyewahi kufundisha Tanzania akarudi na mapenzi ya Kiingereza ambayo mkewe alisema yamepita kiasi. Marcellin alikuwa na kiti. Kiliwekwa mbele ya darasa, mmoja akakalia, na wengine wakamtupia maswali ya mkia, yale ambayo mtu anasema jambo kisha analigeuza kuwa swali mwishoni. Aliyekaa hakuwa na ruhusa ya kuchagua wa kumuuliza, wala kusema lugha nyingine, wala kujibu nusu. Akijibu sawa, darasa lote linapiga makofi. Akikosea, darasa linaguna kwa pamoja, mguno mrefu wa kumsikitikia, na kicheko kinafuata. Maswali yalikuwa ya kila aina. Mtoto wa mchungaji aliulizwa kama si mwizi. Baba wa watoto sita aliulizwa kama hajaoa. Mwenye kununa aliambiwa sheria ya Marcellin: kwenye kiti hakuna aibu, kuna mazoezi.

Yaliyomsumbua Benite kuliko mtu yeyote ni yale maswali yenye ukanushi. Marcellin alilieleza jambo hilo mara nyingi, na alilieleza vizuri. Alisema sisi tukiulizwa "hukuja jana, siyo?" tunajibu ndiyo, yaani umesema kweli bwana wangu, kwa sababu sisi tunamjibu mtu. Mwingereza hamjibu mtu. Analijibu jambo. Kama hakuja, anasema hapana, na anaongeza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mimi sikuja, hata kama aliyeuliza ni mfalme na angependa kuambiwa ndiyo. Darasa lilicheka, likaelewa. Benite alielewa pia, akaenda kitini, akaulizwa kama yeye si mwanamume, akajibu kwa tabasamu, "Yes." Mguno wa siku ile ulisikika hadi barabarani.

Aliyemwonea huruma alikuwa Elvire. Huyu alikuwa makamu wa mwenyekiti, jirani wa Valéry, nyumba zao zikitazamana tangu walipokuwa watoto wa kuogeshwa uani. Mtaa mzima ulijua kwamba siku moja Elvire ataolewa na Valéry, na aliyejua zaidi ya wote alikuwa Elvire mwenyewe. Valéry tu ndiye hakuwa ameambiwa. Alipotokea mgeni kutoka Uvira na kukaa mahali pale bila hata kupiga hodi, Elvire hakumchukia hadharani. Alimkumbatia. Alimwita mdada wangu, akampa viatu vya kwendea kanisani, akajitolea kumfundisha nyumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini nguo nzuri nani huikung'uta?

Basi wakawa wanakaa sebuleni kwa Elvire, chai mezani, maswali yakipita. Elvire alimuuliza kama hana gari, kama hana mume, kama hana mbwa, na Benite akawa anajibu vizuri, moja baada ya jingine, amechangamka. Kisha Elvire akauliza bila kubadili sauti, "You don't have a child, do you?" Huna mtoto, au unaye?

Benite akakwama. Alitazama chai yake.

Elvire alikuwa na pua ya kunusa mambo. Akaweka kikombe chini pole pole, akamshika mkono, akasema, "Mficha uchi hazai, mudada. Sema."

Na Benite, aliyekuwa amechoka kubeba peke yake, akasema yote, kwa Kiswahili, akivunja sheria ya Marcellin na sheria yake mwenyewe. Alieleza habari ya simu, na ya neno lililowekwa akiba. Alieleza kwamba anamwogopa mama yake Valéry zaidi kuliko anavyomwogopa Mungu, kwa sababu Mungu anajua tayari. Elvire alilia naye. Machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa. Alikuwa na furaha kubwa. Akaomba kuona picha ya mtoto, akaishika simu ya Benite, akaisifu picha muda mrefu, na mpaka anairudisha, namba ya Mathilde ilikuwa imeshahamia kwenye simu yake.

"Mi nitanyamaza," alisema. "Mi si ni mudada yako?"

Ikafika siku ya wageni, Jumamosi ambayo kilabu hualika wazazi na jamaa waje waone vijana wao wakisema Kiingereza. Wageni wengi huwa hawaelewi hata neno moja. Wanakuja wamevaa vizuri, wanatazama kiti, na darasa likipiga makofi nao wanapiga, wanarudi nyumbani na fahari. Safari hii Valéry alikuwa amemwambia Benite kwamba mama yake atakuja. Akimpenda, mwezi haupiti kabla wazee wa ukoo hawajavuka kwenda Uvira kumposa. Alimwambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna maneno mama yake ameyasikia mitaani, lakini yeye hayajali, kwa sababu yeye alimuuliza mwenyewe na akajibiwa. Benite akasema ndiyo.

Akapanga: leo nipite, mama huyu anipende, kisha nitamwambia Valéry kila kitu kabla wazee hawajavuka. Ulikuwa mpango wake wa kawaida, umevaa nguo mpya tu.

Mama Valéry alikaa safu ya mbele, imvutano yake ya rangi ya maziwa, vazi la heshima la wanawake wa Burundi, imefungwa begani, mikono juu ya magoti, mwanawe pembeni yake amtafsirie. Benite aliitwa kitini wa tatu au wa nne. Alikaa, akaviweka viatu vyake sambamba, akainua uso, na ndipo alipowaona wakiingia kwa mlango wa nyuma: Elvire mbele, nyuma yake Mathilde katika kitenge chake cha Pasaka, na mkononi mwa Mathilde, Carmen, amesukwa nywele mpya, gauni jeupe, soksi nyeupe, anatazama kote kwa kumtafuta mtu. Alipomwona aliyekaa mbele ya watu wote kama malkia, akafungua mdomo wazi kwa furaha, na Elvire akamwekea kidole midomoni. Bado.

Benite alielewa yote pale pale, kama mtu anavyoelewa ngazi baada ya kuikosa. Elvire ndiye aliyempigia mama simu. Aliwaambia Benite amewaalika. Na kwa jinsi mtoto alivyosimama kwa ncha za vidole, ilionekana aliambiwa pia kwamba siku yenyewe ndiyo hii. Nyuma kulikuwa na benchi. Elvire aliwakalisha, akabaki amesimama karibu nao, akanyoosha mkono kuomba kuuliza. Marcellin akampa nafasi kwa furaha. Elvire alikuwa mwanafunzi wake bora.

Alianza kwa upole. Akauliza kama Benite hakuzaliwa Bujumbura. No, I wasn't, akajibu Benite, na makofi yakapigwa. Akauliza kama haishi Ngagara. Akajibu sawa, makofi. Valéry alikuwa anamnong'oneza mama yake kila swali na kila jibu, na mama anatikisa kichwa kwa kuridhika. Carmen alipiga makofi kila darasa lilipopiga, kwa nguvu kuliko wote, akimtazama bibi yake kuhakikisha kwamba anaona.

"You don't have a child," akasema Elvire, akatua, akatabasamu, "do you?"

Darasa likacheka kidogo. Lilikuwa swali la kawaida la kiti. Hata mtawa mmoja aliwahi kuulizwa. Marcellin akainua kidole kuwakumbusha wote kwamba swali ni zuri, lina ukanushi, wasikilize jibu. Valéry akainama sikioni mwa mama yake. Na Benite akamtazama yule mwanamke wa imvutano, kisha akatazama benchi la nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nyuso mbili zilikuwa zinataka majibu mawili.

Kama swali lingekuwa la Kiswahili angejua la kufanya. Angesema ndiyo, taratibu, akaacha neno liwe la mwulizaji, na mtoto asingejua limeanguka wapi. Akatazama juu, akahesabu vigae vya dari. Nafasi ya kusema kweli ilikuwepo, na tusimdanganye msomaji kwamba haikuwepo: ilikuwa maneno matatu mafupi, anayajua, na kinywa chake hakikuwa kimefungwa na mtu.

"No," akasema.

Marcellin akatikisa kichwa kwa upendo. Jibu kamili, tafadhali. Alikuwa mzee mwema, na wema wake siku ile ulikata kuliko kisu.

"No, I don't."

Lilikuwa sahihi. Halikuwa na kosa hata la pumzi. Lakini mzee aliona kwamba wageni wa nyuma hawakusikia, na jibu zuri namna hiyo, kutoka kwa mwanafunzi aliyehangaika namna hiyo, halipaswi kupotea. Akamwomba asimame alirudie, kwa sauti, wasikie hadi benchi la mwisho. Benite akasimama. Akalirudia kwa sauti. Hapana, mimi sina. Valéry akatafsiri, mama yake akafumba macho kidogo kama mtu aliyetuliwa mzigo, na darasa likalipuka kwa makofi.

Carmen alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Ndipo Benite akamwona mama yake akimvuta Elvire nguo, akiuliza. Mathilde alikuwa mtu wa sokoni. Aliona jinsi watu walivyonyamaza, akataka kujua kilichonunuliwa kilikuwa nini. Elvire akainama, kichwa chake katikati ya bibi na mjukuu. Alisema bila haraka, kwa Kiswahili chenye heshima, na midomo yake ilisomeka toka kitini. Alikuwa anatafsiri tu. Nimemuuliza kama iko na mutoto. Amesema apana, hana.

Mathilde alifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya, akakaza. Mikono ya mtoto ilikuwa bado imekutana juu ya kichwa chake. Haikupiga tena, na ilichukua muda kabla hajakumbuka kuishusha.

Baada ya hapo palikuwa na Fanta na maandazi uani. Benite alitoka kitini akitaka kukimbia nyuma, lakini watu walimzuia kila hatua kwa kumpongeza, na yeye, Benite wa siku zote, alisimama kwa kila mmoja na kumshukuru. Alipofika uani, Mathilde na Carmen walikuwa wamesimama kando ya ukuta, chupa mkononi, na Elvire bado yuko nao. Mathilde alimsalimu mwanawe kwa kumshika mkono. Benite akachuchumaa mbele ya Carmen, akamwambia amependeza. Mtoto akasema asante. Kabla Benite hajapata la pili, alisikia nyuma yake sauti ya Valéry ikisema hawa bila shaka ni watu wa nyumbani kwako, mbona hukuniambia wanakuja, na mama yake akaja naye, akitembea pole pole, watu wakimpisha.

Mama Valéry alimsalimu Mathilde kwanza, kwa mikono miwili, kama mzazi kwa mzazi. Kisha akamgeukia Benite. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mi nilisikia maneno. Walisema iko na mutoto kule Congo. Nikamwambia Valéry, kama ni kweli atuambie tu, mutoto si ugonjwa, mutoto tutamuchukua na yeye. Mutu nachukia ni ule anadanganya. Sasa nimesikia kwa masikio yangu, umejibu mara mbili."

Benite alihisi uso wake unapoa. Yule mwanamke akaacha kumtazama, akainamia chini, akashika kidevu cha Carmen kwa vidole viwili, na sura yake kali ikalainika kabisa.

"Na uyu mulembo ni mudogo yako, si ndiyo?"

Hapo palikuwa na mlango, umeachwa wazi, kwa Kiswahili. Mtu ambaye Benite alimwogopa kwa miezi mingi alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba mtoto atachukuliwa. Valéry yuko pale. Mathilde anatazama pembeni, hamsaidii wala hamzuii. Benite alifungua mdomo, na safari hii alikuwa anasema kweli. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Lakini alichelewa, kwa kuwa alitazama kwanza uso wa yule mama.

"Ndiyo," akasema Carmen. "Mi ni mudogo yake." Akaushika mkono wa Mathilde, akauvuta kifuani kwake. "Mama yangu ni uyu."

Elvire alishtuka. Tangu asubuhi hili ndilo jambo pekee ambalo hakulipanga. Akacheka kicheko kifupi, akainama kwa mtoto, na sukari yote ikamtoka kwenye sauti.

"Carmen. Asubuhi, kwa taksi, hukuniambia Benite ndo mama yako? Hukuniambia vile?"

Mtoto akamtazama usoni. Alimtazama kama mtu ambaye jibu lake halitegemei mwulizaji anapenda nini.

"Apana," akasema. "Sikukuambia."

Mama Valéry akasema huyu mtoto amelelewa, anajibu hadi mwisho. Akamwangalia Elvire muda kidogo, jirani yake wa miaka yote, na Elvire akajua kwamba tangu leo salamu kati ya nyumba zile mbili zitakuwa za dirishani. Kisha akamgeukia Mathilde, akaanza kumuuliza ni siku gani wazee wanaweza kuvuka, na je, huko Uvira bado wanapokea wageni mchana au jioni. Mathilde alijibu alichoulizwa. Alisema mchana.

Valéry akaweka mkono wake begani kwa Benite.

Na kitu cha kwanza Benite alichohisi, kabla ya uchungu kufika, kabla ya aibu, kilikuwa nafuu. Ilimshuka mwilini mwote, tamu, mabega yakalegea, pumzi ikatoka. Hakuweza kuizuia, haikumwomba ruhusa. Ilikaa usoni mwake kwa kitambo tu, lakini Carmen alikuwa anamtazama wakati ule ule, na hakuna mtoto wa miaka saba asiyeijua nafuu akiiona usoni mwa mtu mzima. Akaisoma yote. Kisha akaweka chupa yake ya Fanta chini kando ya ukuta, ikiwa bado nusu, akapangusa vidole kwenye gauni jeupe.

"Mama, twende," akamwambia Mathilde. "Batafunga mupaka."